Gold Rush Yenye Msimulizi na Isiyo Naye: Ipi Halisi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi redio na TV hapa Chang'ombe, Dodoma. Nimenunua diski ya The Gold Rush ya Charlie Chaplin nimwonyeshe bibi aliyekuja kutoka Kongwa. Ndani yake kuna mtu anasimulia mwanzo hadi mwisho. Jirani yangu anayo sinema hiyohiyo kwenye flashi, ila yake haina msimulizi: ni maandishi ya Kiingereza tu, na watu wanakwenda mbiombio kama wanafukuzwa na nyuki. Nani kauziwa feki?

JIBU: Marahaba, mjukuu. Hakuna aliyeuziwa feki. Sinema hiyo Chaplin aliitoa mara mbili. Ya kwanza ni ya 1925, sinema bubu yenye maandishi katikati ya picha. Mwaka 1942, watu wakiwa wameshazoea sinema za kuongea, akaipunguza, akaondoa maandishi, akaweka muziki na kusimulia yeye mwenyewe. Hiyo sauti ya kwenye diski yako ni ya Chaplin.

Mimi napenda ya 1925, na sababu ni barua. Humo Georgia, msichana ambaye Chaplin anampenda, anamwandikia barua ya mapenzi mwanamume mwingine, Jack. Jack, kwa dhihaka, anaagiza apelekewe Chaplin, naye maskini anarukwa na akili kwa furaha ya barua isiyo yake. Katika ya 1942 barua inaonekana imeandikwa kwa ajili yake tangu mwanzo, na uchungu wote umekwisha. Hata busu refu la kule melini mwishoni alilikata. Kwa nini ukate busu ambalo mtazamaji amelisubiri sinema nzima?

Lakini usimdharau msimulizi. Sisi tuliokaa vibanda umiza tunajua msimulizi mzuri anavyoweza kuibeba sinema. Kule Japani, enzi za sinema bubu, msimulizi aliyeitwa benshi alikaa kando ya pazia, na wapo watazamaji waliolipa kiingilio kwa ajili yake kuliko mwigizaji. Hapa kwetu, kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za kuelimisha ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, Usambara, ulipiga picha bila sauti, maneno yakawekwa kwenye santuri.

Sasa hizo mbio. Kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 na ushee kwa sekunde. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, mwendo ukawekwa picha 24, kwa kuwa sauti haivumilii kuyumba. Filamu ya mkono ikichezwa kwa mwendo huo mpya, kila mtu anakimbia. Flashi ya jirani haina ubovu. Aliyeihamisha filamu ndiye hakujali. Ifungue kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, upunguze mwendo. Kama ilipigwa picha 20 na inachezwa 24, weka kama 0.83. Usiangalie Chaplin unapopima, maana wachekeshaji wa enzi hizo walizoea kuharakisha vituko makusudi. Angalia watu wa nyuma yake wanavyotembea, au moshi unavyopanda. Wakitembea kama watu wa sokoni Majengo, acha hapohapo. Muziki ukiharibika, uzime, uweke wako.

Na bibi, muonyeshe ya jirani. Kama Kiingereza hakipandi, kaa karibu naye umsomee maandishi kwa Kigogo, taratibu. Yanakaa kwenye kioo muda wa kutosha. Yako yenye msimulizi muonyeshe siku nyingine, halafu niandikie barua ya Georgia ameipokeaje katika kila moja.