Jibu: Mgeni anaweza kujifunza gamelan Bali?

Ndugu, umeuliza kama mgeni anayehamia Ubud, mji wa kisiwa cha Bali huko Indonesia, anaweza kujifunza gamelan, yaani muziki wa kundi la ala za shaba zinazogongwa, au siku hizi imebaki burudani ya watalii. Anaweza kabisa. Colin McPhee, mtunzi wa muziki kutoka Kanada, aliishi kijiji cha Sayan, karibu na Ubud, miaka ya 1930 akijifunza na kuuandika muziki huo.

Usitegemee nota, utafundishwa kwa kusikiliza na kuiga. Mkono wa kulia unapiga kwa nyundo, wa kushoto unafuata nyuma kukibana kile kipande cha shaba kilichopigwa ili mlio ukatike. Hapo ndipo penye kazi! Ala huwa mbili mbili, mlio wa moja ukiwa juu kidogo ya wa mwenzake, zikipigwa pamoja sauti inatetemeka. Kwa hiyo kujifunza peke yako chumbani hakufai, tafuta kikundi. Na usiiruke ala, izunguke.

Maonyesho ya tiketi si mabaya, ila uhai wenyewe uko kwenye odalan, sikukuu ya hekalu ambayo kwa kawaida hurudi kila baada ya siku 210. Vaa kitambaa kiunoni na mshipi, kaa chini, usisimame mbele ya wanaosali ili upige picha. Ukishapanga nyumba, waulize majirani banjar yao, yaani jumuiya ya mtaa, hufanya mazoezi usiku gani.