Maswali yenu kuhusu Robert Walpole: ukoo, mashamba na siasa

Mmeuliza mengi kuhusu huyu kigogo anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, leo nachukua machache.

Alizaliwa tajiri?
Kwao walikuwa na mashamba Houghton, mkoa wa Norfolk, na babake alikuwa mbunge, ila yeye hakuwa mrithi manake alizaliwa 1676 akakuta kaka zake wametangulia. Akapelekwa shule ya Eton halafu chuo kikuu cha Cambridge, mpango ukiwa awe kasisi. 1698 kaka aliyebaki akafa, ikabidi aache chuo arudi kumsaidia mzee shambani, mzee naye akafariki 1700 na mwaka uliofuata kijana kashaingia bungeni kwa kiti kilekile cha babake, Castle Rising. Wapiga kura wa pale walikuwa wachache na wenye ardhi ndo walikuwa na sauti, kwa hiyo ukirithi shamba na kiti umekisogelea.

Ni kweli alifungwa?
Kweli, 1712, ndani ya Tower of London, ngome iliyotumika kama gereza, kwa miezi kadhaa. Bunge lilimtia hatiani kwa rushwa kwenye mikataba ya chakula cha farasi wa jeshi. Chama cha Tory kilikuwa kinalipa kisasi kwa wapinzani wao Whig, chama cha Walpole, hilo wazi, lakini mimi simsafishi.

Shemeji yake walikosania nini?
Madaraka. Dadake Dorothy aliolewa 1713 na Charles Townshend, jirani yao wa Raynham, na hao mashemeji wakaendesha serikali pamoja miaka kibao. Dorothy akafa 1726, Walpole akazidi kupanda, mwisho 1730 Townshend akajiuzulu akarudi kwake kulima, na kilimo chake cha kubadilisha mazao ndo kikampa jina.

Jumba la Houghton likaishia wapi?
Lipo mpaka leo. Alianza kulijenga 1722, mwaka mmoja tu baada ya kushika serikali, na kijiji kizima kikahamishwa nje ya geti ili bustani ipate nafasi, kanisa peke yake likaachwa pale ndani. Hiyo inaniuma kuliko ile kesi ya rushwa, manake watu walihamishwa makwao ili mkubwa apate mandhari. Ndani akajaza picha za wachoraji Rubens, Van Dyck na Rembrandt, akafa 1745 akiacha madeni makubwa, na 1779 mjukuu wake George akauza picha zaidi ya 200 kwa Catherine, malkia wa Urusi. Nyingi ziko kwenye makumbusho ya Hermitage, St Petersburg. Horace, mtoto wa mwisho wa Walpole, alikuwa bado hai na iliisha hivyo akiona.

Na Downing Street namba 10?
Ndo ile nyumba ya mawaziri wakuu kule London. Mfalme George II alitaka kumpa iwe yake binafsi, akakataa, akasema iwe ya cheo. Alihamia 1735, akaachia ngazi 1742, nyumba ikabaki ya serikali.