Kutunza Gari la Zamani Dodoma: Vumbi, Maji na Mpira Kabla ya Rangi

Ushauri mwingi kuhusu utunzaji wa magari ya zamani umeandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa yake inahusu kutu. Wenzetu hao wana haki, kwa kuwa barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa theluji na chasisi huliwa kuanzia chini. Hata mtu wa Tanga au Dar es Salaam, ambaye gari lake hupigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, hakosei akianza na kutu. Sisi wa kanda ya kati tuna maadui wengine: vumbi, maji yenye chumvichumvi, jua linalokausha mpira, na tabia ya kuliegesha gari kwa miezi bila kuliendesha. Nimeishi kwa miaka mingi na Land Rover Series III ya petroli, toleo lililotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na fedha nyingi nilizotumia kulitunza zimekwenda kwenye mambo hayo manne. Rangi na bodi vimenigharimu kidogo sana.

Nianze na vumbi, kwa kuwa ndilo linaloua injini nyingi huku kwetu. Kuanzia mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na upepo wa kiangazi umeanza, vumbi la Dodoma huingia popote penye upenyo. Ndani yake mna punje laini za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Punje hizo zikipita kwenye kabureta hunata kwenye oili iliyo katika kuta za silinda, zikaendelea kusaga ringi na pistoni hadi gari linaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Uharibifu huu hauna kelele wala taa ya kuonya, na mwenye gari huutambua wakati injini tayari inahitaji kushushwa na silinda kukerezwa upya.

Land Rover za umri huu, kama yalivyo matrekta mengi ya zamani, hutumia eakilina ya oili, yaani kichujio cha hewa inayoingia kwenye injini. Hewa huvutwa kwenda chini, ikakutana na oili iliyo kwenye bakuli, kisha ikalazimika kugeuka ghafla na kupanda juu. Vumbi zito hushindwa kugeuka likabaki ndani ya oili, na lile jepesi hunaswa na nyavu za waya zilizolowa. Wapo wanaoing'oa na kufunga chujio la karatasi wakiamini kwamba wameliboresha gari. Mimi sioni haja hiyo, kwa sababu bakuli husafishwa kwa mafuta ya taa kidogo na kujazwa oili ileile ya injini, wakati chujio la karatasi katika vumbi la barabara ya udongo huziba upesi na lazima linunuliwe jingine. Sharti ni kwamba bakuli lifunguliwe mara kwa mara. Gari likitembea kwenye lami tu, inatosha kulisafisha kila unapobadilisha oili. Likiingia vijijini wakati wa kiangazi, lifungue kila wiki, na ukikuta tope limetuama chini, lisafishe siku hiyohiyo. Oili ijazwe hadi kwenye alama na isizidi hapo, maana inayozidi huvutwa na injini.

Kazi hiyo yote ni bure iwapo mpira unaounganisha eakilina na kabureta umepasuka au klipu yake imelegea. Njia ya kuukagua ni rahisi: uvue, kisha pitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu, ujue kuna mahali hewa inapita bila kuchujwa, na hupaswi kulala kabla ya kupapata. Ukunje mpira huo kwa mikono pia, kwa kuwa nyufa zake nyingi hujificha kwenye mikunjo na hazionekani ukiwa umetulia mahali pake.

Vumbi hilohilo huharibu viungo vya shafti. Kabla ya kupiga grisi, futa kwanza chuchu ya kupigia grisi, la sivyo utakuwa unasukuma msasa ndani ya beringi. Kisha piga hadi grisi chafu itoke yote. Oili ya injini nayo niibadilishe lini, huuliza wengi. Jibu langu ni nusu ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, au kila miezi sita hata kama gari halijatembea, na iwe oili nzito ya 20W-50 ambayo injini hizi ziliizoea.

Sasa maji. Sehemu kubwa ya maji tunayotumia Dodoma hutoka ardhini, yakiwemo ya visima vya Makutupora, na maji ya ardhini huwa na madini ambayo huachwa kwenye mirija ya rejeta kila yanapopata moto. Ule ukoko mweupe unaouona chini ya birika la chai ndio unaojengeka ndani ya injini yako, mahali usipoweza kuusugua. Mimi huvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati kati ya Desemba na Aprili, baada ya mvua za kwanza kuosha paa, na huyahifadhi kwenye madumu kwa ajili ya rejeta pekee. Asiyeweza kufanya hivyo anunue maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake ukapozwa ili madini yabaki nyuma. Vyovyote iwavyo, yachanganywe na kulanti, kwa sababu kulanti huzuia kutu ndani ya injini na kupandisha kiwango cha kuchemka, jambo ambalo kwetu lina uzito wa pekee: mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100.

Ndiyo maana mfuniko wa rejeta si kitu cha kudharau. Springi yake hushikilia mgandamizo ndani ya mfumo, na kila pauni moja kwa inchi ya mraba huongeza takribani nyuzi moja na nusu kabla maji hayajachemka. Mfuniko uliochoka huondoa faida hiyo yote, nao ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa. Ukinunua mpya, soma namba iliyo juu yake na uilinganishe na kitabu. Wenye nguvu kupita kiasi utapasua rejeta kuukuu.

Kuhusu tamostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, nimebishana na mafundi kwa muda mrefu. "Mzee, huku kwetu joto, tamostati ya nini?" huniambia, na wengi wao huitoa na kuitupa gari linapoanza kuchemsha. Injini isiyo na tamostati hukawia kupata joto lake, hutumia petroli nyingi, na unyevu uliomo ndani ya oili haukauki, hivyo chuma huchakaa upesi. Gari likichemsha, tafuta sababu kwenye rejeta, belti, mfuniko au pampu ya maji. Tamostati yenyewe ipime jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto na utazame kama inafunguka karibu na nyuzi zilizochongwa juu yake. Anayepanga kwenda Igunga kupitia mlima Sekenke ayamalize haya yote kabla ya kuondoka, na akague breki kwa uzito uleule.

Breki hunifikisha kwenye mpira. Jua la Dodoma hukausha hozi hadi zikawa na nyufa, na mipira ndani ya masta silinda, pampu kuu ya breki, hukakamaa gari linapokaa bila kutumika. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani hata kwenye mji mkavu kama huu, kwa hiyo yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Asikuongezee mtu oili ya injini wala ya haidroliki hata kwa dharura, kwani mipira itavimba na breki zitakwama au kukatika. Hozi za petroli zikaguliwe kwa jicho kali zaidi kuliko zote, hasa zinazopita karibu na ekzosi.

Kwenye tairi, usidanganywe na kashata zilizobaki nzima. Tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT: 2319, kwa mfano, ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la zamani hutembea kidogo, kwa hiyo tairi zake huzeeka kabla ya kuisha. Zikipita miaka sita, kagua nyufa za ubavuni kila mwezi. Zikifika kumi, zitoe.

Kuna jambo la petroli ambalo bado huulizwa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na madini hayo ya risasi yalikuwa yakilinda siti za valvu, mahali valvu inapokaa ikifunga, katika injini zilizobuniwa wakati petroli hiyo ikitumika. Usifanye haraka ya kufungua injini kwa hofu. Pima nafasi ya valvu, ambayo kwenye injini ya petroli ya lita 2.25 ya Land Rover ni milimita 0.25, na uandike matokeo kwenye daftari. Nafasi ikiwa inapungua kila unapopima, siti zinaliwa, na siku injini itakapofunguliwa ufungiwe siti ngumu.

Gari likizima njiani likiwa na moto kisha likawaka baada ya kupoa, shuku kondensa au koili, vifaa vya umeme wa cheche, lakini chomoa waya wa plagi kwanza na utazame cheche hapohapo, kwani petroli iliyogeuka mvuke kwenye bomba huleta dalili ileile. Pointi za distribyuta, zinazokata na kuunganisha umeme wa cheche, ziwe na nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, na tone la grisi kwenye kamu.

Lisilotembea huoza. Liendeshe walau kila baada ya wiki mbili hadi oili ipate moto vizuri. Safari ya kwenda Chamwino na kurudi inatosha. Kuwasha injini dakika tano uani kunaongeza unyevu ndani ya oili na hakusaidii kitu. Likilazimika kulala muda mrefu, chomoa betri, na baada ya mavuno funua boneti mara kwa mara, maana panya hupenda kujenga humo na kutafuna nyaya.

La mwisho ni spana. Nati nyingi za magari ya Uingereza ya enzi hizo ni za vipimo vya inchi. Nati ya nusu inchi ina milimita 12.7, na fundi akiilazimisha kwa spana ya 13 ataizungusha mpaka pembe ziishe, kisha aanze kutafuta patasi. Nunua seti yako ya spana za inchi, ifungie ndani ya gari, na umkabidhi fundi mkononi kabla hajagusa chochote.