Mkuu, ukipeleka watu wanne ribaundi utalia kama nilivyolia mimi

Hapana mkuu. Nimesoma swali lako hapa nikisubiri kivuko cha Msanga Mkuu, nimeshindwa kuvumilia nifike nyumbani. Unasema timu ya mpira wa kikapu ya chuo chenu hapo Lindi itacheza wiki tatu zijazo na timu yenye fasti-breki kali, yaani wakidaka mpira tu wanakimbia kufunga kabla hamjarudi, unauliza mkabe zoni (kila mtu alinde eneo lake) au mtu kwa mtu, mazoezi ya pumzi yaweje, na viatu gani vinafaa uwanja wa simenti. Halafu katikati umechomekea, kama vile si kitu: "mpango wetu ni kupeleka wanne ribaundi ya kushambulia (kugombea mpira wa shuti letu lililokosa), wapinzani wakikosa mpira watakimbia na nini?"

Nimeshika kichwa. Huo mpango naujua, umeninyima kombe.

Nilikuwa pointi gadi, yule anayepanga mashambulizi, na nahodha wa timu ya chuo hapa Mtwara. Tulipoingia fainali tukajiletea jamaa kutoka Dar aliyejiita mwalimu. Vyeti vyake vilikuwa filimbi na simu iliyojaa video za vyuo vya Marekani. Nauli tukamchangia. Ming'oko, mizizi yetu ya kuchemsha ya huku Kusini, akaikataa, akataka chipsi kuku kila siku, na huo mfuko ulikuwa wa wanafunzi! Siku nzima anatuhesabia sekunde 30 za kupiga shuti kama wenzetu wa kule, wakati sheria tunayochezea sisi ni sekunde 24. Hapo tu ningeshtuka, lakini wapi.

Wimbo wake ulikuwa mmoja: "Ribaundi ni roho! Wanne ndani!" Tukimuuliza nyuma abaki nani, anatutajia Hasheem Thabeet alipokuwa chuo cha Connecticut, Marekani. Sawa, Thabeet ni wetu, tunajivunia, NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, walimchagua wa pili mwaka 2009. Lakini yule ni mtu wa mita 2.21. Senta wetu sisi, yule mrefu wa chini ya kikapu, alikuwa kijana wa Newala ambaye embe za matawi ya chini bado alikuwa anaziangua kwa upondo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Wapinzani walikuwa na kijana mmoja mfupi, soksi moja nyeupe, nyingine ya bluu. Sisi tukipiga shuti, yeye mpira haangalii kabisa. Anatembea taratibu kama katumwa dukani, anakwenda kusimama pembeni, karibu na mstari wa kati. Mkubwa wao akidaka ribaundi hashushi mpira chini hata kidogo. Anageuza bega kuelekea pembeni, pasi moja, Soksi anadundisha mara mbili tatu, leyapu, anauweka kikapuni kwa karibu. Sisi wanne bado tuko kulekule tunalaumiana nani hakuruka. Tulikuwa tunaongoza kwa 9 mapumziko, tukawa tunaona pointi zinayeyuka kama barafu kwenye ndoo ya samaki.

Sekunde 40 zimebaki, tunaongoza kwa pointi 1. Mwenzetu akapiga shuti la mbali. Miguu yangu ilishaanza kurudi yenyewe, naapa. Nikasikia kutoka benchi: "Nahodha, ingia!" Nikaingia. Shuti la mbali likikosa mara nyingi hudunda mbali, na hili lilitupita juu ya vichwa wote wanne. Aliyepiga naye bado kasimama, mkono uko juu, anajipigia picha. Mpira ukaenda kwa Soksi. Nikamfukuza uwanja wote, mita 28, mbele yake hakuna mtu, nikamdaka jezi kwa nyuma.

Refa akainua mikono juu, akajishika kifundo cha mkono. Faulo isiyo ya kimichezo. Mitupo huru miwili, na mpira unabaki kwao. Akaweka yote miwili. Wakarusha mpira, wakafunga tena. Tumefungwa kwa 3, na mtaani jina langu likawa "Jezi".

Jioni hiyo nilinunua pweza Shangani, nikamshika mkononi mpaka akapoa. Mwalimu alikuwa ameshapanda basi la Dar bila kuaga. Filimbi aliisahau. Ninayo, mwanangu anafukuzia kuku.

Kwa hiyo mkuu: mpira ukitoka tu mkononi mwa mpigaji, WAWILI WANARUDI. Usingoje uone kama umeingia. Mmoja mpaka chini ya kikapu chenu, huyo halindi mtu, analinda kikapu. Wa pili duara la kati, kazi yake kuuzuia mpira usipite katikati. Hatua za mwanzo wakimbie kwelikweli huku shingo imegeuka, siyo kurudi kinyumenyume. Watatu waliobaki ndio wagombee ribaundi, na wakiikosa, aliye karibu na mdakaji ambane hapohapo mikono juu, pasi ya pembeni ichelewe. Ikichelewa sekunde mbili tu, wenzako watano wako nyumbani. Na aliye peke yake nyuma, wakija wawili, asimrukie mwenye mpira. Awababaishe, wapige pasi moja zaidi, msaada unakuja.

Mazoezini fanya hivi: mpira ukigusa rimu, ule mduara wa chuma wa kikapu, piga filimbi, wote wagande. Hesabu wangapi wako nyuma. Wakiwa pungufu ya wawili, timu nzima mbio. Siku ya tatu watakuwa wanarudi wenyewe bila kelele.

Utaambiwa mtakosa ribaundi. Mkose! Yule mwalimu wa Dar alitulisha sana video za Loyola Marymount, timu ya chuo cha Marekani iliyokuwa ikikimbia mno chini ya mwalimu Paul Westhead, msimu wa 1989-90, wastani wa pointi 122.4 kwa mechi. Alichokificha ni kwamba UNLV, chuo kingine cha huko, waliwatoa mashindanoni msimu huohuo kwa 131 kwa 101. Na sisi katika hadithi ile hatukuwa hata hao wanaokimbia, tulikuwa wanaokimbiziwa.

Zoni au mtu kwa mtu, chagueni mnachokiweza, wawili wakiwa nyuma. Huyo anayewashauri wanne ndani, naomba uniulizie kama anakula ming'oko. Kivuko kimefika, napanda. Jumamosi nikipata nafasi nakuja Lindi, na filimbi naileta.