Maadili ya Tiba Katika Chuo Kidogo

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye shahada ya kwanza, ninafanya kazi katika wodi ya wazazi. Nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya maadili ya tiba katika chuo kikuu kidogo chenye wahadhiri wachache na maktaba finyu. Ndugu zangu wananisihi nisubiri nafasi ya chuo kikubwa. Je, nitaelimika vya kutosha huko? – Muuguzi, Morogoro

JIBU: Dada yetu Muuguzi, somo hili halihitaji maabara ya gharama kubwa, bali linahitaji watu wanaobishana kwa hoja juu ya mashauri ya kweli, na kwa hilo darasa la watu wachache lina faida kubwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kukaa kimya muhula mzima.

Chukua shauri linaloigusa wodi yako. Mwaka 1994 ilithibitika, kwa utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa, kwamba dawa ya AZT ikitolewa kwa mjamzito mwenye virusi vya UKIMWI, kisha kwa mtoto wake mchanga, hupunguza maambukizi kwa mtoto kwa takriban theluthi mbili. Hata baada ya hapo, majaribio kadhaa ya Afrika na Asia, likiwemo lililofanyika Dar es Salaam na Kampala, yaliwapa baadhi ya kina mama vidonge visivyo na dawa, ili ijulikane kama tiba fupi na nafuu ingefaa. Mwaka 1997 mjadala ulilipuka. Waliopinga walisema kwamba Azimio la Helsinki la mwaka 1964, yaani mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, kama lilivyokuwa limerekebishwa, lilimtaka kila mshiriki apewe tiba bora iliyokwisha kuthibitishwa; waliotetea walijibu kwamba tiba ile ndefu haikuwa ikipatikana kabisa kwa kina mama hao, na kwamba bila kulinganisha hivyo majibu ya haraka yasingepatikana. Binafsi naona waliopinga walikuwa na hoja nzito zaidi, maana umaskini wa mgonjwa haupunguzi haki yake mbele ya mtafiti. Wewe, uliyemwona mama akiombwa ridhaa huku uchungu umemshika, utakuwa na la kusema ambalo wahadhiri wengi hawalijui.

Maktaba isikutishe sana. Azimio la Helsinki na Azimio la UNESCO la mwaka 2005 kuhusu maadili ya sayansi ya uhai na haki za binadamu husomwa bure mtandaoni. Ulizia pia kama chuo kimejisajili Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu.

Penye hatari ya kweli ni usimamizi wa tasnifu. Kabla ya kulipa ada, uliza ni nani hasa atakayekusimamia, kama programu inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na kama wanafunzi huruhusiwa kuhudhuria vikao vya kamati ya maadili ya utafiti na kuzungumza na madaktari wa hospitali ya jirani. Chuo kikiwa nayo yote hayo, jiandikishe mwaka huu. Kikikosa msimamizi au kamati, wasikilize ndugu zako, uombe nafasi Muhimbili, ambako shahada hiyo hufundishwa.