Mama wa Katuba, usimwage hiyo dawa kwenye samadi

Weka hiyo dawa chini, mama. Salamu tutapeana baadaye. Nimesoma maneno yako hadi pale ulipoandika "kesho asubuhi ninamwaga", nikaiacha bukari ipoe mezani, maana hiyo kesho asubuhi yako mimi nilishaiishi, na bei yake naijua.

Kwa wanaoingia sasa hivi: tangu mvua za kwanza zianze, mama huyu wa Katuba, Lubumbashi, anaona madudu meusi yenye pembe kwenye lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake, makubwa kama kidole gumba, mengine yanajigonga kwenye taa ya baraza. Alipofukua lundo la samadi amekuta funza weupe, wanene, wamejikunja, vichwa vya kahawia. Wakati huohuo miche yake ya lengalenga, yaani mchicha, inaanguka. Jirani amemwambia madudu yametumwa. Muuzaji amemwambia amwagie lundo zima dawa. Sasa anauliza kama yanauma watoto, kama ndiyo yanayokula mboga, afanye nini yasiingie nyumbani usiku, na hiyo dawa aichanganye na maji kiasi gani.

Kiasi: sifuri.

Huyo mweusi wa pembe ni mbawakawa-kifaru. Wataalamu ukoo wake wanauita Oryctes, na aina inayopenda samadi na mboji, iliyoenea sehemu kubwa ya Afrika, ni Oryctes boas. Pembe ni ya madume kusukumana wao kwa wao. Jike lake lina kinundu tu. Hana sumu, hana mwiba wa kuchoma, na mtoto hamng'ati. Miguu yake ina vijimiba, ukimshika atakung'ang'ania ngozi na kukukwaruza kidogo, basi. Akibanwa anasugua tumbo na mabawa yake magumu, inatoka sauti ya kukwaruza, na hapo ndipo wanaume wazima wanakimbia. Kule Japani wazazi wanawanunulia watoto wao madudu ya pembe ya jamii hii, dukani, kwa pesa. Wewe umeletewa bure.

Wale funza ni watoto wake. Chakula chao ni kitu kilichooza: samadi, majani makavu, mbao zilizolainika. Tumboni wana vijidudu vidogo sana vinavyowasaidia kumeng'enya nyuzi za majani ambazo wewe na mimi zingetulaza hospitali. Wanachotoa ni punje ndogo nyeusi, na hizo punje ni mboji tayari. Yaani una vibarua wanaogeuza samadi usiku na mchana bila kudai mshahara, na unataka kuwalipa kwa sumu. Kama jirani yako ana hakika wametumwa, mwombe amwambie mtumaji anitumie na mimi, lundo langu linachelewa kuoza.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Mwaka ule mama mkwe alikuwa na matanga Likasi. Akatuachia kuku wake. Siyo kuku wa kununua ukamchinja Jumapili, hapana, kuku wa kutaga, aliowalea tangu vifaranga, anaowaita kwa majina. Aliniambia mimi, siyo mke wangu: "Papa, kuku ninakuachia wewe." Mkwe akikuachia kitu kwa mdomo wake, mbele ya watu, unajua umebeba nini.

Mvua zikaanza, Novemba, mbawakawa wakaanza kutoka kama kwako. Lengalenga langu likaanza kuanguka. Asubuhi unakuta mche umelala, umekatwa pale chini karibu na udongo, kama mtu amepita na wembe. Nikafukua samadi, nikakuta funza. Nikajumlisha moja na moja nikapata kumi na moja. Funza wanono namna ile, na mboga zinakufa: nani mwingine?

Nikaenda kwa muuzaji. Sitataja soko, sitataja mtu. Alikuwa amevaa koti jeupe kama daktari, na mimi koti jeupe linanishika akili mara moja. Nikamweleza. Hakuuliza funza wako wapi, hakuuliza wana ukubwa gani, hakuuliza kama nafuga kitu. Akafungua debe, akachota chembechembe za rangi ya zambarau, akanifungia kwenye mfuko wa plastiki wenye fundo, mfuko uleule wa chumvi. Nikamwuliza: hii ni ya funza? Akasema: "Papa, hii ni ya kila kitu."

Pale pale ningegeuka. Dawa ya kila kitu, na kuku pia ni kitu.

Karatasi ya maelezo hakuna. Jina hakuna. Nikauliza kiasi, akasema "usibane mkono". Sikubana. Nilinyunyizia lundo lote jioni, nikamwaga maji juu ili iingie vizuri, nikaenda kulala nikijiona mkulima mkubwa wa Katanga.

Asubuhi funza walikuwa wamepanda juu ya samadi, wengine wamekufa, wengine wanajinyonganyonga. Na kuku wa mama mkwe, ambao kila siku hufunguliwa mapema, walikuwa hapo juu wanakula. Kwao ilikuwa sikukuu. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai nikasema, tena kwa sauti, mke wangu alisikia na hajanisamehe: "Tazama, hata kuku wanatusaidia."

Kabla jua halijapanda vizuri wa kwanza akalegea miguu. Akaanza kutoa ute mdomoni, mabawa yameachia, anatetemeka, shingo inakwenda huku na huku. Halafu wa pili. Halafu wakawa wanaanguka popote walipo, mmoja kwenye ngazi, mmoja chini ya mwembe. Mvulana wa jirani akaja na kisu mbio, akasema tuwachinje haraka kabla hawajafa wenyewe, nyama isipotee. Na mimi, nitasema ukweli, nilishaanza kutafuta sufuria. Ni bibi mmoja wa lupango la pili aliyepiga kelele: kilichomuua kuku kimo ndani ya kuku! Tungekula sumu ileile na pilipili juu. Kwa hiyo tulizika. Kuku wa mkwe, wanazikwa shimoni kama watu, na mimi ndiye mchimbaji.

Alibaki mmoja, aliyekuwa analalia mayai na hakutoka asubuhi ile. Huyo bado yupo. Ananitazama.

Ndugu mmoja aliyesomea kilimo alipoziona zile chembe zilizobaki alisema zinafanana na karbofurani. Hatukuwa na maabara, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini karbofurani ni kitu ambacho chembe moja inatosha kumuua ndege mdogo, Ulaya wameipiga marufuku, na tangu 2017 imo kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ile ya kemikali ambazo nchi lazima iambiwe na ikubali kwanza kabla hazijaletwa. Halafu mtu anakufungia kwenye mfuko wa chumvi na kukuambia usibane mkono. Koti jeupe! Afadhali angevaa la mchinjaji nyama, tungeelewana tangu mlangoni.

Gharama yenyewe: kuku nililipa wote, kwa dola, na mbuzi juu kwa sababu ya heshima. Samadi ile sikuithubutu tena kuiweka kwenye mboga tunazokula, na nilikuwa nimeilipia kusafirishwa kutoka barabara ya Kipushi. Hapo sijahesabu miezi ambayo mama mkwe alikuwa akinipigia simu anaongea na mke wangu tu.

Na lengalenga? Liliendelea kuanguka! Usiku uliofuata, uleule! Funza wote wamekufa, kuku wamekufa, mimi nimekufa kwa aibu, na miche bado inakatwa. Nikachukua tochi nikatoka usiku, nikachimba kidogo kwa kidole kwenye shina lililokatwa, nikamkuta: kiwavi wa rangi ya udongo, laini, amejikunja kama mviringo. Mkata-shina. Huyu ni mtoto wa nondo, hana ukoo wowote na mbawakawa. Mchana analala kwenye udongo, usiku anatoka anakata mche chini na kuuacha umelala. Dawa yake ilikuwa vidole vyangu na kopo la maji ya sabuni, pamoja na vipande vya kopo la nyanya vilivyozungushwa kwenye miche ile michanga, vikazama kidogo udongoni. Haikunigharimu hata franka moja. Hata mate sikupoteza.

Ndiyo maana nakupigia kelele, mama. Mbele ya dudu lolote uliza kwanza ANAKULA NINI. Usianze na anauawaje. Ukianza na anauawaje utapata jibu, wauzaji wamejaa, kila mmoja anajua namna ya kuua. Wa kukuambia dudu linakula nini huwa hana cha kukuuzia, ndiyo maana huwasikii.

Kujua ni rahisi. Chukua funza wako watatu wanne, waweke kwenye ndoo kuukuu yenye samadi iliyooza, panda humo miche miwili mitatu ya lengalenga. Acha siku kadhaa. Utaona samadi inageuka punje na miche imesimama. Na wakati huohuo usiku toka na tochi kwenye tuta linaloanguka, chimba kwenye shina bichi lililokatwa leo. Atakayekuwa hapo ndiye mwizi. Ukimkuta funza mweupe mwenye miguu sita, lakini mdogo sana kuliko hawa, yuko kwenye udongo wa tuta, na mche unanyauka kwa sababu mizizi imetafunwa bila shina kukatwa, huyo ni mwingine, wapo wanaokula mizizi, na tutaongea. Lakini yule mnono ndani ya samadi mwache.

Najua atatokea mtu hapa chini kuniambia ameona video ya mbawakawa-kifaru akiua minazi. Nimeiona pia, kijana mmoja alinionyesha kwenye simu siku ileile ya sumu, na ndiye aliyenitia moto nikaenda kwa koti jeupe. Kwamba wanaua minazi ni kweli: yupo ndugu yake, Oryctes monoceros, ambaye kwenye minazi ya pwani na kwenye michikichi anatoboa moyo wa mti. Lakini anayetoboa ni yule aliyekomaa, mwenye mabawa. Funza wake anakula vilivyooza kama wenzake. Na mimi nilikuwa na lengalenga, siyo shamba la minazi Mombasa! Kijana alichukua kilio cha watu wa pwani akakileta kwenye lupango langu. Angenipa na bahari basi.

Wengine mtaogopa ukubwa tu. Huyu wetu ni mdogo, jamani. Kwenye misitu ya Ikweta, huko kaskazini mwa Kongo yetu, kuna mbawakawa aitwaye Goliathus, dume lake linafika sentimita 11, na funza wake gramu 100 anazifikia. Naye hana neno na mtu, anakunywa utomvu wa miti na kula matunda yaliyoiva sana.

Mambo ya kufanya kesho badala ya kumwaga. Ukitaka kutumia samadi, igeuze polepole kwa uma wa bustani, funza unaowakuta weka kwenye beseni, chekecha samadi iliyo tayari, halafu warudishe kwenye ile ambayo haijaoza. Wasikae juani, wanakauka. Ukikuta kitu kimetulia ndani ya kijichumba cha udongo mgumu, hakina haraka, usikivunje, huyo anajigeuza kuwa mbawakawa. Ukiwa na kuku na hujatia sumu yoyote, waache wadonoe funza wachache, ni chakula kizuri kwao, na mimi nasema hivyo nikiwa na sababu zote za kunyamaza.

Hiyo dawa uliyonunua irudishe kwa aliyekuuzia. Akikataa, funga vizuri, iweke juu kabisa, mbali na jikoni na watoto, mpaka umpate mtu wa kilimo wa kuipokea. Usiimwage chooni, wala kwenye mfereji unaoshuka mtoni, na hicho kichupa alichokupa usije kukitia mafuta ya kula hata ukikiosha mara saba.

Ulikuwa na swali jingine, sijui la taa, sijui la mlango, limenitoka kichwani kwa hasira. Wengine watakujibu.

Lakini niambie kitu kimoja: samadi yako ni ya ng'ombe au ya kuku? Na ina muda gani? Kama ni ya kuku na bado inanuka kali, usiipeleke kwenye miche sasa, itaunguza mizizi. Tuma foto ya lundo, na nyingine ya mche ulioanguka, uupige karibu na udongo ili tuone palipokatwa.