Maswali na Majibu: Mtaa uliopangwa hujulikana kwa ardhi isiyouzwa

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu mitaa inayouzwa ikiwa imeshachorwa: barabara, geti, ukuta na uwanja wa watoto. Matangazo yake yamejaa kuanzia Lanet na Kiamunyi hapa Nakuru hadi viunga vya Kisumu. Nimejibu zile zinazowagusa wengi.

Ni nani aliyeanzisha wazo la kujenga mtaa mzima pembezoni mwa mji kwa ramani moja? Na lilifaulu? (Mwanafunzi, Njoro)

Miji ya kupangwa ni ya kale sana, lakini mtaa wa nje ya mji unaochorwa pamoja na shule yake, maduka yake na bustani zake una mzizi unaojulikana. Ebenezer Howard hakuwa msanifu wala mhandisi. Alikuwa karani wa hati mkato aliyenakili mijadala ya Bunge la Uingereza. Mwaka 1898 alitoa kitabu kilichopendekeza miji midogo ya watu wapatao 32,000, kila mmoja kwenye eka 6,000. Eka 1,000 tu ndizo zingejengwa, na zilizobaki zingekuwa mashamba.

Wengi hukumbuka bustani za Howard na kusahau hesabu yake, ambayo ndiyo kiini. Alitaka ardhi yote ibaki mikononi mwa wadhamini. Wakazi wangelipa kodi ya ardhi, na thamani ikipanda, faida ingerudi kwao kwa njia ya maji, shule na barabara. Letchworth, kaskazini mwa London, ilianza kujengwa 1903 kwa wazo hilo, na hadi leo sehemu kubwa ya mji huo iko chini ya wakfu unaotumia mapato yake kwa manufaa ya wakazi.

Wamarekani waliliendeleza kwa namna yao. Mwaka 1929 wasanifu Clarence Stein na Henry Wright walichora Radburn, New Jersey. Nyumba zilitazama bustani, magari yakaingilia upande wa nyuma kwa njia zisizopenya, na mtoto angeweza kufika shule bila kuvuka barabara kuu. Mdororo wa uchumi ukaanza mwaka uleule na ni sehemu ndogo tu iliyojengwa. Kisha ikaja Levittown, New York, kuanzia 1947: zaidi ya nyumba 17,000 zilizojengwa haraka kwa bei ambayo askari aliyerudi vitani aliimudu. Lakini mikataba yake ya mwanzo ilikataza Mweusi kuishi humo. Usikubali mtu akusimulie Levittown akaishia kwenye bei nafuu.

Ninaouthamini zaidi ni Columbia, Maryland. Mjenzi wa mitaa James Rouse alinunua takriban eka 14,000 kimyakimya kupitia kampuni mbalimbali, kwa sababu wenye mashamba wangejua mnunuzi ni mmoja wangepandisha bei. Mji ulifunguliwa 1967 na tangu mwanzo ulikuwa wazi kwa watu wa rangi zote, jambo lililohitaji ujasiri Marekani ya wakati ule. Uligawanywa kuwa vijiji, kila kimoja na kituo chake cha maduka na mikutano. Hata masanduku ya barua yaliwekwa pamoja ili majirani wakutane. Leo una wakazi wapatao 100,000, na zaidi ya eka 3,600 ni ardhi ya wazi inayosimamiwa na chama cha wakazi. Ardhi hiyo haiko sokoni. Ukitaka kujua kama mtaa umepangwa kweli, anza kwa kuuliza ni ardhi gani ndani yake haiuzwi, na iko mikononi mwa nani.

Kwa nini Milimani ya Kisumu ina barabara pana na miti, ilhali sisi wa Manyatta hata gari la zimamoto haliwezi kutufikia? Ina maana hakuna aliyetupangia? (Mama wa watoto watatu, Kisumu)

Mama, mpango ulikuwepo, na uliwaacha nje kwa makusudi. Reli ilifika Kisumu 1901, na mji ukakua kutoka bandarini kwa kugawanywa kwa rangi: Wazungu kwenye mwinuko wenye upepo wa ziwa, Wahindi karibu na soko, Waafrika kwenye nyumba za vibarua. Mwaka 1913 Profesa Simpson, daktari aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alipita Afrika Mashariki akapendekeza mgawanyo huo kwa kisingizio cha afya. Nakuru ilifuata njia hiyohiyo: Milimani juu kuelekea Menengai, Waafrika Bondeni.

Mitaa ya baraza la mji kama Kaloleni, Ondiek na Makasembo ilikuja baadaye. Ilikuwa midogo kwa vyumba, lakini ilikuwa na nyua za wazi, mifereji na njia zilizonyooka. Manyatta na Nyalenda hazikuwa ndani ya mji. Zilikuwa ardhi za koo, na mpaka wa manispaa uliposogezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo zikaingizwa mjini. Mwenye boma akamegea mwanawe, mwana akajenga vyumba vya kupangisha, na kila mmoja akaacha kichochoro kilichomtosha yeye. Hakuna aliyevunja ramani, kwa kuwa hapakuwa na ramani ya kuvunjwa.

Tazama jirani zenu wa Migosi. Pale, katika mpango uliopata fedha za Benki ya Dunia, zilitangulia barabara, maji na mabomba ya majitaka, kisha watu wakapewa ploti wajenge kadiri ya uwezo wao. Nyumba zimebadilika sana, nyingine zimeota ghorofa, lakini njia bado zipo. Kwa Manyatta kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu kupanua njia sasa ni kuomba kila mwenye ploti arudishe ukuta wake nyuma. Hufanyika pale wenye ploti wa njia moja wanapokubaliana kwanza wao kwa wao, ndipo wakaiendea kaunti wakiwa na sauti moja. Anzeni na njia moja tu, ile inayofika shuleni au zahanati.

Nimestaafu ualimu. Nimeonyeshwa ploti ya hamsini kwa mia Lanet, ndani ya "mtaa wa kisasa" uliopimwa ploti nane kwa kila eka. Bei ni nzuri. Niulize nini kabla ya kulipa? (Mzee, Nakuru)

Mwalimu, chukua kalamu. Eka moja ikiwa mraba, kila upande ni kama futi 208. Panga ploti nne za upana wa futi 50: umetumia futi 200. Weka safu mbili zinazotazamana, kila ploti ikiwa na urefu wa futi 100: umetumia futi 200 nyingine. Kati ya safu hizo mbili zimebaki futi nane. Hiyo ndiyo barabara yako. Barabara ya kawaida ya ndani ya mtaa huachiwa mita tisa, yaani karibu futi 30. Kwenye futi nane lori la mchanga likiingia litatoka kinyumenyume, na likikwama hakuna anayepita.

Ploti nane kwa eka zinawezekana tu ikiwa barabara tayari imepita mbele na nyuma ya eka hiyo, au ikiwa ploti zenyewe ni ndogo kuliko unavyoambiwa. Kwa hiyo nenda na futi kamba pamoja na mpima ardhi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, mpime kutoka bikoni, yaani alama ya mpaka, hadi bikoni. Simama pia mahali ambapo ramani inaonyesha barabara, uangalie kama kuna kitu zaidi ya mahindi ya mtu.

Kisha makaratasi. Omba kuona ramani ya ugawaji iliyopigwa muhuri na idara ya mipango ya kaunti, kwa sababu Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali kabla ya shamba kugawanywa. Kama shamba bado ni la kilimo kisheria, lazima kuwe na idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lake lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini hiyo mkataba ni batili na utabaki kudai pesa zako kama deni la kawaida. Fanya upekuzi, yaani kuangalia ardhi imesajiliwa kwa jina la nani, kwenye ofisi ya ardhi wewe mwenyewe au kupitia wakili wako. Nakala uliyoletewa na dalali usiitegemee.

Swali la mwisho ndilo wauzaji wengi hawalipendi: ile ploti iliyoandikwa "shule" au "uwanja" kwenye kipeperushi imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa bado ni ya kampuni inayouza, hesabu kwamba siku moja itauzwa. Malipo yako ya uzeeni hayarudi mara mbili, mwalimu. Bei nzuri isikuharakishe.

Mtaa wetu wa geti unatumia kisima chake. Meno ya mtoto yanaanza kuwa na madoa ya kahawia. Ni maji? (Mzazi, Nakuru)

Huenda. Maji mengi ya chini ya ardhi ukanda huu wa Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na floridi inabaki. Daini wasimamizi watoe matokeo ya maabara, na wasipokuwa nayo pelekeni sampuli wenyewe. Vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vimetumika hapa Nakuru kwa miaka mingi na vinafanya kazi, mradi mkaa wake ubadilishwe kwa wakati. Wakati mnasubiri, mtoto anywe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri au maji yaliyokwisha kupimwa. Meno huharibika yakiwa bado yanaota ndani ya ufizi, hivyo wadogo wasisubiri. Mpeleke pia kwa daktari wa meno amtazame.

Uwanja wa watoto wa mtaa wetu umezungushiwa mabati. Mtu anasema ana hatimiliki na ameununua kihalali. Tumeshindwa? (Dada, Kisumu)

Hapana, dada. Hatimiliki si mwisho wa maneno tena. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Ilikuwa ardhi ya wazi kando ya ufuo wa Nyali, iliyogawiwa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha ikauzwa hadi kufikia kampuni hiyo. Kampuni ilijitetea kwamba ilinunua kwa nia njema na ina hati. Mahakama ikasema hati inachunguzwa tangu chimbuko lake. Kama ugawaji wa kwanza ulikuwa haramu, mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya hati yake. Katiba nayo, kifungu cha 40(6), hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Mnachohitaji ni ushahidi wa chimbuko hilo. Tafuteni ramani ya awali ya mtaa kwenye idara ya mipango ya kaunti na ramani ya usajili kwenye ofisi ya ardhi. Ramani ikionyesha uwanja, pigeni picha za mabati na kuandika tarehe. Kusanyeni sahihi za wakazi wa zamani waliocheza hapo wakiwa watoto, maana kumbukumbu yao ni ushahidi. Andikieni kaunti, Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Akianza kuchimba msingi, kimbilieni Mahakama ya Mazingira na Ardhi mkaombe zuio la muda siku hiyohiyo. Msibomoe mabati kwa mikono yenu, kwani mtakuwa mmempa kesi ya kuwashtaki.

Ikiwa hata ramani ya kwanza haikuwa na uwanja, na watoto walikuwa wakicheza tu kwenye ploti ya mtu ambaye hajajenga, basi hali ni tofauti na nisingependa kuwapa matumaini ya bure.

Ni lazima nilipe ada ya huduma ya mtaa kama situmii bustani wala bwawa? (Mkazi, Nakuru)

Ukiwa na nyumba au fleti iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, ndiyo. Wewe ni mwanachama wa shirika la wenye nyumba hizo, upende usipende, na ada hugawanywa kwa kiwango cha sehemu yako. Kwingineko soma mkataba wako wa ununuzi. Haki unayopaswa kuidai ni kuona hesabu za mwaka na kupiga kura mkutanoni.

Chama chetu kina wanachama 40 na tunataka kununua shamba tujenge mtaa wetu wenyewe. Inawezekana bila mwekezaji mkubwa? (Mweka hazina, Nakuru)

Inawezekana, na Nakuru inajua kuifanya kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Baada ya uhuru, kampuni za kununua ardhi kama Ngwataniro zilikusanya hisa za watu wa kipato kidogo na kununua mashamba ya walowezi. Nyingi zilijua kununua na kugawa. Kilichozitesa ni hati zilizochelewa miaka mingi, wanachama walioongezwa kwenye orodha baada ya ploti kwisha, na maeneo ya umma yaliyobaki bila mwenyewe kwenye karatasi. Shule zilizopona mara nyingi ni zile zilizojengwa mapema.

Kwa hiyo mfuatano ndio kila kitu. Fungeni orodha ya wanachama kabla ya kulipa shamba. Mwajirini mpangaji wa miji kabla ya mpima ardhi, maana mpima atawagawia mlichomwomba tu. Tengeni barabara, mifereji, ploti ya shule na uwanja kwanza, kisha kilichobaki ndicho kigawanywe kwa 40, hata kama kila mmoja atapata kidogo kuliko alivyotarajia. Wapo watakaolalamika kwenye mkutano. Wasikilizeni, lakini msirudishe mstari wa ramani. Ploti za umma zikabidhiwe kwa kaunti na kusajiliwa hivyo, na nakala za usajili zisomwe mbele ya wanachama wote kabla hamjapiga kura ya nani anapata ploti namba ngapi.